Wewe ndiye uliyesema

“Lakini shangazi, wewe ndiye uliyesema.” Siku ya nne leo, bado nayasikia maneno hayo ya mtoto wa kaka hata nikiosha vyombo. Kaka kahamia nyumba mpya, mama ameanza kutembea bila mkongojo, na akili yangu imeganda kwenye kosa moja la kalamu nyekundu katika daftari lake la Kiingereza.

Swali lilitaka silabi za transportation. Akaandika trans-port-ation, kama nilivyomwonyesha. Kosa. Nilichomwonyesha ni mofimu, vipande vya neno vyenye maana: trans ni ng’ambo, port ni kubeba (ndiyo ile ya import na export), -ation ni kiambishi tamati kinachogeuza kitenzi kuwa nomino. Silabi hazina habari na maana, zinafuata ulimi: trans-por-ta-tion.

Kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe tunalo nyumbani. Anapika kwa mofimu ni a-na-pik-a. Kwa silabi, a-na-pi-ka. K imehama kama ile t ilivyohama. Ningeanzia hapo, yasingetukuta haya.

Jana tukarudia. Kwanza hesabu sauti za irabu, siyo herufi: a, o, a, kisha -tion, ambayo masikioni ni “shen” tu, silabi moja. Macho yaliyozoea Kiswahili huisoma ti-o-n, silabi zikazidi. Jumla ni nne. Halafu tazama konsonanti zilizobanwa kati ya irabu. Mbili, kama r na t, mara nyingi huachana katikati, isipokuwa zinazotoa sauti moja, mfano sh na th. Zikirundikana tatu, kama n, s na p, hapo mofimu inaokoa: trans haivunjwi. Ikiwa moja, mara nyingi huenda mbele, ila irabu fupi yenye mkazo huishikilia. Mkazo wenyewe uko kwenye ta, silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Maneno ya -tion ndivyo yalivyo.

“Na helicopter?”

Silabi, hel-i-cop-ter. Mofimu zake ni za Kigiriki: helico, kilichojisokota kama springi, na pter, bawa. Wenye Kiingereza chao wakalikata heli-copter, ndipo wakapata heliport, kiwanja cha helikopta.

“Kumbe na wao wapewe kosa, shangazi!”

Nilicheka mpaka machozi. Sasa wifi analeta wageni saba Jumapili, na mtungi wa gesi nikiutikisa hausemi kitu.