Mazoezi ya Aina Nyingi katika Mji Usio na Tambarare

Anayetaka kufanya spoti mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, hana budi kwanza kuelewana na milima. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, na kutoka ufukweni nyumba zetu hupanda kilima baada ya kilima hadi mitaa ya Kadutu na Bagira, hivi kwamba hata mtu aliyetoka kwake kwa nia ya kukimbia taratibu hujikuta muda si mrefu anahema. Rafiki zangu wengi huiona hali hiyo kuwa kikwazo. Mimi nadhani ni bahati, kwa sababu mji wa namna hii humlazimisha mtu kubadilisha mazoezi yake, na kubadilisha huko ndiko kunakomzuia asiyaache.

Wanaoacha mazoezi husingiziwa uvivu, lakini nionavyo mimi wengi huachishwa na utegemezi wa zoezi moja. Anayejua kukimbia tu huhitaji mambo mengi yakubaliane siku moja: mvua isinyeshe, njia isiwe tope, goti lisiume, na usalama umruhusu kutoka alfajiri. Huku kwetu mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na usalama nao, sote tunajua. Likikosekana jambo moja, zoezi huahirishwa. Likiahirishwa wiki nzima, viatu huwekwa uvunguni mwa kitanda na havitoki tena.

Tuanze na milima, kwa kuwa ndiyo tuliyo nayo bure. Kupanda kuelekea soko la Kadutu huutumikisha moyo na mapafu bila kuhitaji mbio kali, na hatua fupi za kupanda huyapunguzia magoti kishindo. Kazi iliyojificha imo katika kushuka. Unaposhuka, misuli ya mapaja huwa inakaza huku ikirefuka ili kukuzuia usiporomoke, na mkazo wa namna hiyo ndio huleta yale maumivu ambayo hayatokei siku ileile, bali kesho yake au kesho kutwa. Asiyelijua hilo hudhani ameumia, akakata tamaa. Kumbe akirudia mteremko uleule baada ya siku kadhaa, maumivu hupungua sana, kwa maana misuli imekwisha kujifunza. Katika miaka ya 1930 kocha wa Sweden, Gösta Holmér, aliwafundisha wakimbiaji wake kuchanganya mwendo wa kasi na wa polepole katika safari moja, bila kusimama. Sisi hatuhitaji kocha wa kutuamuru. Kona na miinuko ya mtaani hutuamuru yenyewe.

Mvua ikinyesha, sebule hutosha. Mwaka 1996 mtafiti wa Japani, Izumi Tabata, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya zoezi la sekunde 20 za nguvu zote na sekunde 10 za kupumzika, likirudiwa mara saba au nane, yaani dakika nne tu. Wao walitumia baiskeli ya maabara. Mimi hutumia kuruka kamba, au kuchuchumaa na kusimama kwa haraka. Dakika hizo nne ni chungu kuliko zinavyosikika, na haziwafai wanaoanza wala wenye matatizo ya moyo. Kwa mikono na mgongo kuna pompi za sakafuni, yaani kujiinua kwa mikono ukiwa kifudifudi, na kuna bidoni (dumu) ya lita 20, ambayo ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na ziada. Kutembea uani na bidoni moja katika kila mkono, mgongo ukiwa wima, ni zoezi ambalo vyumba vya mazoezi huwatoza watu fedha.

Hapo sina budi kusema jambo ambalo hunitia haya kidogo. Akina mama wanaobeba mizigo sokoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, hawahitaji ushauri wangu wa spoti. Wanachohitaji ni mzigo mwepesi zaidi na malipo bora. Ninayoyaandika yanatuhusu sisi tunaoshinda tumekaa kwenye kiti, ofisini au mbele ya kompyuta, kisha tukapanda pikipiki kwenda mahali ambapo tungeweza kufika kwa miguu.

Maji nayo yana nafasi yake, hasa kwa mwenye viungo vinavyouma. Mtu aliyesimama majini hadi shingoni hubebwa na maji kiasi kwamba miguu yake hubaki na takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ila ziwa letu ni refu kwenda chini, zaidi ya mita 450 palipo na kina kikubwa, na pembezoni pengine hushuka ghafla. Asiyejua kuogelea asipite maji ya kifua, na anayejua asiingie peke yake.

Hata hivyo, aina nyingi zina mtego wake. Mwili huimarika katika lile linalorudiwa, na anayebadilisha kila kitu kila siku hucheza tu. Kwa hiyo mimi huchagua zoezi moja la msingi kwa wiki kadhaa, na mengine huyapanga kulizunguka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na mchanganyiko huo unatimiza yote mawili. Katika kiangazi, kuanzia Juni, msingi wangu huwa kupanda milima, kwa sababu njia ni kavu. Mvua zikirudi, bidoni na kamba hushika usukani, nayo milima hungoja Jumamosi isiyo na mawingu.