Vanishi ya Boneti Nyekundu

Leo nimefunua sanduku la plastiki lililoufunika mwili wa gari langu dogo la mfano, la uwiano wa 1:24 (yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi), kwa siku saba. Nilipouinamisha chini ya taa, niliiona taa yenyewe ndani ya boneti, ila imekunjamana, kwa kuwa vanishi imekauka na vijishimo kama ganda la chungwa. Kosa ni langu: tabaka la mwisho nilipulizia kopo likiwa mbali mno, matone yakaanza kukauka yangali hewani, na yalipotua hayakuwa na umajimaji wa kutosha kuungana.

Siku hizo saba sikuziongeza kwa uvivu. Laka, ndiyo aina ya vanishi niliyopulizia, hukauka kwa kuguswa mapema sana, lakini thina huendelea kutoka ndani yake kwa siku kadhaa, na ukiisugua kabla ya hapo itaendelea kunywea baada ya kung'arishwa na mikwaruzo itajitokeza upya. Mimi huamini pua kuliko kalenda: maadamu harufu ipo, sigusi.

Nilianza na msasa wa maji wa namba 3000, huku nimebandika utepe juu ya kingo zote, maana vanishi hukimbia kingo na kubaki nyembamba hapo. Jicho langu lilikuwa kwenye maji yanayochuruzika. Yakiwa meupe kama maziwa, unachokwangua ni vanishi; yakianza kuwa ya waridi, umeshafika kwenye rangi. Katikati ya boneti yalibaki meupe, na baada ya polishi taa ikanyooka. Karibu na tundu la hewa, ambako utepe ulikuwa umebanduka bila mimi kujua, nikaona waridi hafifu kwenye ncha ya kidole. Nikaacha papo hapo.

Ningeweza kujikinga kwa kumwaga vanishi nyingi tangu mwanzo, na wapo wanaofanya hivyo. Sipendi. Unene wa milimita 0.1 katika uwiano huu ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi, ambalo vanishi yake haifiki hata hiyo milimita 0.1. Mistari ya milango hujaa, na gari huonekana kama peremende iliyolambwa. Isitoshe, laka nzito inayopuliziwa mara moja hukunja stika za maji, zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa. Ndiyo maana matabaka yangu mawili ya kwanza huwa ukungu tu, kisha ndipo huthubutu kulowesha.

Doa lenyewe ni dogo kuliko punje ya mtama. Rangi nyekundu iliyobaki nimeikoroga, nikaitia kwa ncha ya brashi, na mwili umerudi chini ya sanduku. Vanishi ya pale nitaipulizia harufu ikiisha.