Mtoto wa Jumanne

Kazi yangu katika utafiti ule ilikuwa ya miguu kuliko ya darubini. Tulikuwa tunapima dawa mseto ya malaria kwenye kituo kimoja cha afya wilayani Micheweni, Pemba. Mtoto akishamaliza dozi yake ya siku tatu, tulitakiwa tumwone tena siku ya 7, 14, 21 na 28, na kila safari achomwe kidole: tone moja kwenye kioo, jengine kwenye karatasi ya chujio.

Watoto hawakuja. Wiki ya kwanza walifika, ya pili wakapungua, ya tatu nikabaki na daftari langu.

Liliniuma, kwa sababu dawa inayoshindwa hujificha katika wiki hizo hizo. Vidudu vya malaria hupungua hata darubini isivione, homa inaondoka, mtoto anarudi kucheza, kisha vinaongezeka tena wiki ya tatu au ya nne. Anayepotea siku ya 21 huenda ndiye aliyekuwa na jibu. Sisi Wazanzibari tuliendelea kumeza chloroquine ilhali imeshaishiwa nguvu, hadi 2003 tulipohamia dawa mseto ya artesunate na amodiaquine. Na sasa Rwanda, Uganda na hata Kagera vimeshaonekana vidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisinin, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto. Sitaki tuje kujua tumechelewa tena.

Nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, tukatembea naye nyumba kwa nyumba. Mambo mawili yalijitokeza. La kwanza ni damu. Neno mumiani, mnyonya damu za watu, halikusemwa mbele yangu, lakini nililisikia likipita uani. La pili ni karafuu. Kwetu Micheweni ardhi ni ya mawe, mikarafuu iko upande wa magharibi, na mavuno yakianza watu huhamia kambini na watoto wao. Wengine walikuwa dago, kambi ya uvuvi, na waume zao wavuvi.

La damu lilimalizwa na bibi mmoja aliyekuwa akilea mjukuu. Aliniuliza, "Mwanangu, damu ya mtoto mnaipeleka wapi?" Nikaona maneno hayatatosha. Nikamwomba msomaji wa vioo amwachie kiti cha mbele ya darubini. Bibi akavua miwani, akainama, akakaa kimya muda mrefu. Vile vidudu, vipete vyenye kidoa cha zambarau, alivihesabu kwa sauti mpaka akachoka. "Vyote hivi vimo ndani ya huyu?" Nikamwonyesha na karatasi, tone limekauka, dogo kuliko kifungo cha shati. Nikamweleza kwamba vidudu vikirudi, karatasi hii hulinganishwa na ya siku ya mwanzo. Vikiwa ni vile vile, dawa imeshindwa. Vikiwa vyengine, kaumwa na mbu mwengine. Jioni ile habari ilishafika kisimani, na bibi ndiye aliyeipeleka.

La pili, la kuhama na kusahau tarehe, nililitatua kwa kulitazama daftari upya. Siku ya 7, 14, 21 na 28 zote huangukia siku moja ya wiki! Aliyeanza Jumanne ni wa Jumanne mpaka mwisho. Nikaacha kuwaambia kina mama tarehe kumi na kitu. Nikawaambia, "Huyu ni mtoto wa Jumanne, Jumanne nne," na kadi wakaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na pesa, mahali ambapo kitu hakisahauliki. Aliyekwenda kambini nilimfuata kwa pikipiki. Karatasi ya chujio haihitaji barafu. Ikikauka vizuri inatiwa kwenye mfuko wake na kurudi nayo. Nimewachoma watoto vidole pembeni ya majamvi ya karafuu, mama akiwa bado na kikonyo mkononi.

Ilikuwa kazi ya kuchosha na nitaifanya tena. Watu wanajua habari za mwanasayansi Tu Youyou wa China na Nobel yake ya 2015 kwa kugundua artemisinin, na anastahili. Lakini kila dawa lazima ipitie kwenye vidole vya watoto kama hawa, na mama zao wakubali kurudi mtoto akiwa hana hata homa.

Yule bibi alikuja Jumanne yake ya nne mapema kabla hatujafungua. Akasubiri kioo kikauke, kitiwe rangi, kisomwe. Halafu akakitaka kiti chake. Akatazama, akasogeza jicho, akatazama tena.

"Havimo," akasema, akafungua pindo la kanga na kunirudishia kadi.