Ukitaka Unaweza

Jana nimelala gizani, na umeme nilikuwa nimeshaulipia tangu asubuhi. Tokeni ilikuwa kwenye simu, tarakimu zote 20, na mita ipo ukutani hatua nne kutoka kitandani. Niliinuka mara tatu kwenda kuziingiza. Mara ya kwanza nikaishia kuanua nguo. Ya pili nikajikuta nachambua mchele. Ya tatu sikumbuki kabisa. Uniti zilipoisha saa tano usiku, simu nayo ilishazima chaji.

Nina ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu. Nilipomsimulia dada yangu alicheka, kisha akatoa kauli yake ya siku zote: "Wewe ukitaka unaweza." Ushahidi wake ni gauni. Mwaka juzi nilikaa kwenye cherehani tangu isha hadi adhana ya alfajiri nikimshonea binti yake nguo ya harusi, hata maji sikunywa. Sasa mwenye ADHD anatulia vile?

Anatulia, tena sana. Jina lenyewe ndilo linalopotosha, maana linataja upungufu wa umakini, wakati mimi umakini ninao tele, ila hauendi ninakoutuma. Usiku ule nilitakiwa kufunga hesabu za vikoba, na mimi ndiye mhazini. Nilizitaka zile hesabu kuliko gauni, wallahi. Daftari sikulifungua.

Shuleni mtukutu wetu alikuwa mvulana wa dawati la nyuma yangu. Akipanda juu ya dawati, fimbo. Mimi nilikuwa mpole, nimekaa natazama mwembe nje ya dirisha mpaka kengele inalia, na nani atamshtukia mtoto mpole? Wasichana wengi wanapita hivyo hivyo. Kwenye ripoti ya darasa la tano mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Ana akili ila hajitumi." Nilipofika kwa daktari wa akili nina miaka 36, karatasi hiyo ilinifaa kuliko maneno yangu yote. Kumbe haitoshi mtu mzima kuja kulalamika kwamba anasahau; dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Nilidhani nitatoka na dawa ndani ya dakika tano. Alinihoji zaidi ya saa nzima, akauliza usingizi, wasiwasi, hadi tezi la shingo, kwa kuwa hayo nayo huvuruga kichwa.

Wanaosema ni ugonjwa wa simu siwajibu siku hizi. Mwaka 1902, huko London, daktari wa watoto George Still aliwahutubia madaktari wenzake kuhusu watoto wenye akili zao timamu ambao hawawezi kutulia kwenye jambo moja. Simu gani hiyo ya 1902?

Aliyenishinda ni mama. Jumapili alikuja kufuata sufuria yake ya pilau, nikaona leo nimweleze, pamoja na hili kwamba hali hii mara nyingi hurithiwa. Alisikiliza huku kikombe cha kwanza cha chai kikipoa dirishani na cha pili kikipoa juu ya friji.

"Mwanangu, mbona hata mimi niko hivyo hivyo, na siumwi?"

Nikakosa la kusema. Tukahamia kwenye habari za jirani, kisha bei ya nazi, akainuka, akajitanda khanga yake, akaaga.

Sufuria bado iko jikoni kwangu.