Saa ya Programu Nayo Ipimwe

Wanafunzi wa saikolojia hapa Kisumu wanaponionyesha data ya majaribio yao ya ubongo, huwauliza kwanza walijuaje kwamba picha ilionekana kwenye skrini wakati uleule uliorekodiwa. Wengi hujibu kwamba ndivyo programu ilivyoandika. Lakini programu huandika wakati ilipotoa amri, wala si wakati mwanga ulipolifikia jicho la mshiriki.

Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7, tena kutoka juu kwenda chini. Picha iliyokosa zamu yake hungoja inayofuata. Kibodi nyingi za USB nazo huulizwa na kompyuta kila milisekunde 8 kama kuna kitufe kilichobonyezwa. Vipokea sauti vya Bluetooth vinaweza kuchelewesha mlio kwa zaidi ya milisekunde 100, na sioni kwa nini mtu aviingize maabara.

Uchelewaji usiobadilika haunisumbui, kwa sababu ukishajulikana hutolewa kwenye hesabu. Kinachoharibu kazi ni uchelewaji unaoyumba. Katika EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kwa vihisi vya kichwani, tunatafuta wastani wa mawimbi ya matukio mengi, na kila tukio likichelewa kwa kiasi chake, vilele havikutani, hivyo wimbi la wastani hutoka fupi na pana, hata mtafiti akadhani ni ubongo wa mshiriki ulioitikia kwa unyonge. P300, wimbi la takriban milisekunde 300 baada ya tukio, ambalo ni pana, huvumilia kidogo. Wimbi jembamba la mapema kama N170, la takriban milisekunde 170, huumia zaidi.

Kifaa cha kupimia uchelewaji huo si ghali. Fotodayodi, yaani kihisi kidogo cha mwanga, na rezista hupatikana kwa mafundi wa redio. Programu ichore mraba mweupe pembeni mwa skrini kila picha inapotokea, fotodayodi ibandikwe hapo, na ishara yake irekodiwe na mashine ileile ya EEG inayopokea alama za matukio kutoka kwa programu. Kisha pima pengo kati ya alama na mwanga kwa matukio mengi, utafute wastani na mtawanyiko wake. Mraba ukiwa juu kabisa na picha ikiwa katikati, ongeza takriban milisekunde 8 kwenye pengo hilo.

Upimaji ufanyike kwenye kompyuta na skrini zitakazotumika, kwa mipangilio ileile. Umeme ukipotea na kipakatalishi kikahamia kwenye betri, prosesa inaweza kupunguza kasi, na hapo vipimo vya awali havitegemewi; mimi husimamisha jaribio mpaka umeme urudi.