Katuni ya dagaa: simu moja, watoto 80

Kwenye semina moja tuliambiwa kuwa katuni haifundishiki shule ya msingi bila chumba cha kompyuta, na kwamba ile ya kusogeza vitu kidogokidogo na kuvipiga picha mojamoja lazima iwe na picha 24 kwa kila sekunde ya katuni. Nilirudi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikiwa na darasa la tano la watoto 80 na hasira zangu. Hizo 24 ni za sinema. Katuni nyingi huchorwa kwa picha 12 tu kwa sekunde, nami nikateremka hadi 8. Inatetemeka kidogo, lakini nani alilalamika?

Hesabu hiyo ndiyo ikawa somo la Hisabati. Katuni yetu ni ya sekunde 40; mara 8 ni picha 320. Gawanya kwa 80, kila mtoto anasogeza dagaa mara nne. Sijawahi kuona kugawanya kukipiganiwa namna ile. Mtu akidhulumiwa zamu moja anakuja na daftari.

Hadithi niliitunga mwenyewe, na hapo ndipo nilipoumbuka. Wavuvi wanaingia ziwani usiku, mwezi mpevu unang'aa, wavu unajaa. Binti mmoja, baba yake mvuvi, akanyoosha kidole: "Mwalimu, mbalamwezi yote hiyo, dagaa utawapata wapi?" Darasa likaangua kicheko. Mimi ni mtu wa Tabora, niulize asali. Ikabidi binti awe mwalimu wa Sayansi: vijidudu vya majini hufuata taa, dagaa hufuata vijidudu, migebuka, samaki wakubwa zaidi, hufuata dagaa. Mwezi ukiwaka ziwa zima lina mwanga, taa ya mtumbwi haiwavuti tena. Mwezi tukaufuta. Mazungumzo ya wavuvi wakayaandika wao kwenye Kiswahili, na ya kwangu yote wakayakata.

Sasa jaribio la kwanza. Nilitandika khanga ya bluu chini ya mwembe, tukapanga mtumbwi wa udongo, simu nimeishika mkononi kama mpiga picha wa harusi. Picha 96, jasho linatutoka. Tulipozitazama, ziwa linarukaruka, kivuli cha mwembe kinautambaa mtumbwi, udongo umepasuka kwa jua, na katikati anatokea kuku mkubwa kuliko mtumbwi, nusu sekunde, kisha anatoweka. Wakamwita Jini Kuku. Hadi leo nikichelewa darasani nasikia mtu akiwika.

Tukahamia ndani, madirisha tukayaziba kwa magunia. Udongo nikauacha, tukakata samaki wa karatasi wanaolala juu ya khanga; dagaa tuliwakata kwenye maganda ya biskuti, ule upande wa ndani wenye rangi ya fedha, wanametameta kweli. Kreti tupu la soda nikaliweka juu ya madawati mawili yaliyoachana, simu ikalala ndani, kamera inachungulia chini kwenye tundu la kreti. Lakini kila ukigusa kioo, simu inasogea. Dawa yake ni hedifoni za waya: kwenye simu yangu, ukibonyeza kitufe cha kuongeza sauti picha inapigwa, na simu haiguswi kabisa. Hili nililigundua kwa bahati nikitafuta wimbo, ila darasani nilisema nililifikiria usiku kucha. Kuunganisha picha ziwe katuni, programu ya simu inafanya yenyewe, hakuna cha kueleza.

Ilibaki taa. Yule binti akasema siku zile mwezi ulikuwa mpevu, mitumbwi imepumzika, na taa za sola za baba yake zimekaa bure. Mzee alitupa moja bila maneno mengi: "Chukua mwalimu, ila giza likirudi nami narudi." Gharama? Gundi, makaratasi, soda ya mwenye kreti, labda elfu saba. Hedifoni sihesabu.

Giza lilirudi kabla hatujamaliza. Mzee alikuja siku ya tano, taa begani, akaenda zake, nasi tumebakiza picha 24. Tukafungua dirisha moja tukazipiga hivyohivyo kwa mwanga wa jua, nikijua tumeharibu: sekunde tatu za mwisho ziwa linageuka ghafla kuwa la rangi nyingine.

Siku ya wazazi mwalimu mkuu alisimama kusifu jinsi mwalimu alivyoonyesha kupambazuka, wavuvi wakirudi pwani alfajiri. Nilisimama, nikainamisha kichwa, nikapokea makofi.