Nondo zilisimama shubiri moja nyuma ya kichwa changu

Leo asubuhi, karibu na Mikindani, nondo tani 10 mgongoni mwa gari.
Mbuzi wakakatiza. Nikakanyaga breki.

Nyuma, chuma kikakwaruza chuma. Sauti ile bado iko masikioni.

Kushuka, bando la juu limeteleza, limebakiza shubiri moja kufika kwenye kabini. Mkanda umekatika, nyuzi zinaning'inia kama mkia wa ng'ombe. Mnyororo mmoja tu ndio umelishika.

Breki kali husukuma tani 10 mbele kwa nguvu inayokaribia tani 8. Nalijua hilo miaka yote!

Alfajiri utingo aliniambia, "Suka, tuongeze mnyororo." Nikamwambia tunachelewa.
Nimemwomba radhi pale pale barabarani.

Madereva wenzangu, nondo nyie mnazifungaje?